Gharama ya Kusoma: Wafanyakazi Wasioona wa Juba na Swali la Nani Amlipe Msomaji

Kila ofisi hulipia usomaji, ingawa ni nadra gharama hiyo kuandikwa kwa jina hilo katika vitabu vya hesabu. Dizeli inayoendesha jenereta ili taa ziwake, skrini za kompyuta, karatasi, wino wa printa na hata madirisha makubwa yanayoingiza mwanga mezani, vyote hununuliwa ili macho ya mfanyakazi yayafikie maandishi. Katika mtaa wa Thongpiny jijini Juba, ulio jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa na kambi ya ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, UNMISS, ambako ofisi za mashirika ya misaada, hoteli na makampuni zimejipanga nyuma ya kuta ndefu, gharama hiyo huwa kubwa zaidi kwa kuwa ofisi nyingi hujizalishia umeme zenyewe, na bado mhasibu haiiti msaada kwa wenye macho. Inapotokea kwamba mfanyakazi haoni, na akahitaji mtu wa kumsomea waraka uleule ambao mwenzake anausoma kwa mwanga wa jenereta, ndipo gharama inapobadilika jina, ikaitwa msaada au huruma, na likazuka swali la nani ailipe.

Swali hilo ndilo linalochunguzwa hapa, na jibu linalotetewa ni kwamba ujira wa msomaji ni sehemu ya gharama ya kazi yenyewe, kama ulivyo mshahara na kodi ya jengo, na kwamba fedha zake zinahitaji makao ya kudumu yasiyotegemea moyo wa meneja aliyepo wala umri wa mradi unaoendeshwa. Sudan Kusini bado haijayajenga makao hayo. Nchi nyingine zimejaribu, kila moja kwa namna yake, na makosa yao yanaifaa Juba sawa na mafanikio yao.

Katika mjadala huu, asiyeona ni mtu ambaye macho yake hayawezi kabisa kusoma maandishi ya kawaida, na mwenye uoni hafifu ni yule ambaye bado anaona kiasi, lakini hata akivaa miwani hawezi kusoma mpaka maandishi yakuzwe, mwanga urekebishwe au rangi zibadilishwe. Sudan Kusini ina watu wa makundi yote mawili, na sababu zake zinajulikana. Usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, umeharibu macho ya vizazi kadhaa, hasa upande wa Equatoria Magharibi. Vikope, maambukizi ambayo hatimaye huzikunja kope kwa ndani zikawa zinakwaruza jicho, ni tatizo kubwa katika majimbo kadhaa. Mtoto wa jicho hukomaa bila kutibiwa kwa wale wanaoishi mbali na hospitali. Na vita, vile vya kabla ya uhuru wa Julai 9, 2011 na vile vilivyozuka Desemba 2013, vimeongeza idadi ya waliopoteza macho kwa mabomu na risasi. Jambo lenye uzito mkubwa kwa mada hii ni kwamba wapo waliopoteza uoni ukubwani, wakiwa tayari na elimu, ujuzi na pengine kazi. Mhasibu aliyepofuka akiwa na miaka thelathini na mitano hajasahau uhasibu. Kilichokatika ni njia kati yake na karatasi.

Njia hiyo inaweza kuunganishwa upya kwa namna tatu, na kwa kawaida mfanyakazi mmoja huzihitaji zote kwa nyakati tofauti. Ya kwanza ni breli, ambayo Tanzania huitwa pia maandishi ya nukta nundu, mfumo wa nukta sita zilizoinuliwa ambao Mfaransa Louis Braille aliubuni mwaka 1824 akiwa bado kijana wa shule. Kituo cha elimu kwa wasioona cha Rejaf, nje kidogo ya Juba, kimekuwa kikiwafundisha breli wanafunzi wake, lakini aliyepofuka ukubwani huchukua muda mrefu kuizoesha ncha ya kidole, na waraka wa ofisi haufiki mezani ukiwa katika nukta. Ya pili ni programu ya kusoma skrini, yaani programu inayoyageuza maandishi ya kompyuta kuwa sauti, ikimtajia mtumiaji herufi, neno au mstari kadiri anavyobonyeza vitufe. Mojawapo, JAWS, imeuzwa kwa miaka mingi kwa bei inayokaribia dola 1,000 kwa leseni moja. Nyingine, NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh, hutolewa bure, na inaweza kusoma kwa lugha nyingi, Kiarabu na Kiswahili zikiwemo. Ya tatu ni msomaji, yaani mtu mwenye macho anayelipwa kuketi karibu na mfanyakazi kwa saa kadhaa na kumsomea yale ambayo nukta na mashine hazikuyafikia.

Watu wengi wanaposikia habari za NVDA hudhani kwamba swali la msomaji limekwisha, kwa kuwa programu ni bure na kompyuta zipo. Dhana hiyo haiwezi kudumu mbele ya karatasi za Juba. Waraka wa kawaida wa ofisi huanza maisha yake kwenye kompyuta, ukachapwa, ukatiwa sahihi kwa kalamu, ukagongwa muhuri wa wino ambao mara nyingi hufunika sehemu ya sahihi na herufi za mstari wa mwisho, kisha ukapitishwa kwenye skana na kutumwa kwa barua pepe, ukiwa umeinama kidogo upande mmoja na ukiwa na kivuli cheusi pale karatasi ilipokunjwa. Kwa jicho, huo bado ni waraka. Kwa programu ya kusoma skrini ni picha moja isiyo na neno hata moja, na sauti ya mashine humwambia mfanyakazi kwamba ukurasa ni mtupu. Zipo programu za kutambua herufi ambazo hujaribu kuirudisha picha hiyo kuwa maandishi, na kwa barua safi hufanya kazi nzuri, lakini pale muhuri wa bluu ulipopita juu ya tarakimu, 3 huweza kusomwa 8, na pale jedwali la malipo lilipoinama, safu huchanganyika, fedha za mtu mmoja zikasomwa kwenye jina la mwingine. Mwenye macho hulirekebisha kosa hilo bila hata kufikiri. Asiyeona hana habari kwamba kosa limetokea.

Tatizo huanza hata kabla ya kuajiriwa. Matangazo mengi ya kazi jijini Juba hugongwa muhuri wa mamlaka ya kazi kabla ya kubandikwa ubaoni au kusambazwa, na nakala inayozunguka kwenye simu na barua pepe huwa ni picha ya karatasi hiyo iliyogongwa muhuri, kwa hiyo mtu asiyeona aliye na shahada, kompyuta na programu bora bado hana njia ya kujua kwamba nafasi imetangazwa mpaka apate wa kumsomea. Kisha kuna majina. Mashine iliyofundishwa Kiingereza huyatamka majina ya Kidinka, Kinuer, Kibari na Kizande kwa namna ambayo mwenyewe asingeitikia akiitwa, na mfanyakazi anayeandaa orodha ya watu mia mbili wa kupokea chakula hawezi kukisia kwamba sauti ile ilikuwa na maana ya jina lipi. Msomaji aliyekulia mjini huyataja majina hayo kama yanavyotamkwa na wenyewe.

Lugha nazo zinaongeza haja. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 iliifanya lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, lakini watumishi waliosoma na kuajiriwa wakati nchi ikitawaliwa kutoka Khartoum walipata elimu yao kwa Kiarabu, na mafaili ya zamani bado yamo katika lugha hiyo; mazungumzo ya kila siku huendeshwa kwa Kiarabu cha Juba; na waliokulia ukimbizini Kenya na Uganda wamerudi na Kiswahili chao, lugha ambayo imepata nafasi zaidi tangu Sudan Kusini ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Breli ya Kiarabu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti na Kiarabu cha kalamu, na aliyefundishwa breli ya Kiingereza hawezi kuivamia bila kufundishwa upya. Msomaji mwenye lugha mbili au tatu huyapita matatizo hayo yote kwa pumzi moja, na kwa sababu hiyo ujuzi wake katika mji huu una thamani kubwa kuliko ambayo pengine ungekuwa nayo mahali penye lugha moja.

Ni vyema kueleza kazi ya msomaji jinsi ilivyo, kwa kuwa wengi huichanganya na ile ya kiongozi anayemshika mtu mkono barabarani. Msomaji mzuri huanza kwa kueleza umbo la waraka: kwamba ni kurasa nne, kwamba juu kuna nembo, kwamba ukurasa wa tatu una jedwali lenye safu sita, kwamba pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu. Humwachia mfanyakazi aamue kisomwe nini kwanza, akaruka anapoambiwa aruke na kurudia anapoambiwa arudie, akataja tarakimu mojamoja na kuyataja majina herufi kwa herufi yanapotatiza. Hafupishi kwa hiari yake, wala hachagui kipi ni muhimu, kwani uamuzi huo ndio kazi ambayo mwenzake ameajiriwa kuifanya. Zaidi ya yote hutunza siri, maana masikio yake na kinywa chake hupitiwa na mishahara ya watu, barua za onyo, ripoti za wagonjwa na zabuni ambazo hazijafunguliwa. Kazi ya namna hii inahitaji mafunzo mafupi, kiapo cha siri na mkataba, na mtu anayeifanya vizuri anastahili kulipwa kama mtaalamu.

Pasipo fedha zilizotengwa, hali huwa nyingine kabisa. Mfanyakazi husomewa na mwenzake wa meza ya pili, ambaye naye ana kazi zake, na kila ombi humwongezea deni la shukrani ambalo halilipiki. Baada ya miezi michache huanza kuomba mambo ya lazima tu, akaacha kusoma yale ambayo wenzake huyasoma kwa kupitia, kama vile matangazo ya mafunzo, nafasi za kupandishwa cheo na kumbukumbu za vikao alivyokosa. Au huja ofisini na mdogo wake au mtoto wake, aliyeachishwa masomo ili awe macho ya nyumba. Au humlipa mtu kutoka mfukoni mwake, ikawa kwamba watu wawili wenye cheo kimoja hupokea mshahara mmoja katika karatasi na mishahara miwili tofauti katika maisha, kwa sababu mmoja wao hununua haki ya kusoma kila mwezi. Hilo la mwisho ndilo linaloonekana kidogo na kuumiza zaidi. Ni kodi inayotozwa upofu, na hakuna bunge lililowahi kuipitisha.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 13, 2006 na kuanza kutumika Mei 3, 2008, unayashughulikia haya katika ibara ya 27 inayohusu kazi na ajira, ukitumia dhana ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa marekebisho stahiki, yaani mabadiliko ya lazima yanayofanywa kwa ajili ya mtu fulani ili aweze kufanya kazi sawa na wenzake, mradi yasimtwishe mwajiri mzigo uliopita kiasi. Sharti hilo la mwisho ndilo mlango ambao waajiri wengi hupenya, kwani ofisi ndogo ikiulizwa peke yake itasema daima kwamba mshahara wa mtu wa pili ni mzigo uliopita kiasi, na wakati mwingine itakuwa inasema kweli. Ndiyo maana nchi zilizolichukulia jambo hili kwa uzito zimetafuta mfuko ulio nje ya ofisi.

Marekani ilifika huko kwa kuchelewa, hata ndani ya serikali yenyewe. Sheria ya mwaka 1962 iliziruhusu idara za serikali kuu kumpokea msomaji wa mtumishi asiyeona, lakini bila fedha za serikali, hivyo alipaswa kulipwa na mtumishi mwenyewe au na chama cha hisani. Marekebisho ya mwaka 1980 ndiyo yaliyoruhusu alipwe kutoka hazina. Uingereza nayo ilianzisha mwaka 1994 mpango uitwao Access to Work, ambao chini yake mfanyakazi mwenyewe, wala si mwajiri wake, huomba ruzuku ya serikali ya kulipia vifaa, usafiri au mtu wa kumsaidia kazini, msomaji akiwa miongoni mwao. Ruzuku hiyo ina kikomo cha mwaka, na kwa mwaka wa fedha 2024/25 kikomo kilikuwa pauni 69,260 kwa mtu mmoja. Ubora wa mpango huo uko katika jambo moja: haki imefungwa kwa mtu, hivyo akihamia kazi nyingine anaweza kuomba tena huko aendako bila kumwomba mwajiri mpya afungue mfuko wake. Udhaifu wake ni foleni, kwani katika miaka ya karibuni waombaji wamelalamika kwamba majibu huchukua miezi mingi, na kazi haisubiri miezi.

Kwa Juba, mfano wenye manufaa zaidi uko karibu, ng'ambo ya mpaka wa Nadapal. Kenya, ambako Muungano wa Wasioona ulianzishwa mwaka 1959, kabla ya uhuru wa nchi hiyo, ina desturi ya kuwalipa watumishi wasioona posho ya msomaji, na mwajiri anayejulikana zaidi kwa hilo ni Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, ambayo huwalipa walimu wasioona posho ya kila mwezi ya kumgharimia msomaji anayewasomea madaftari ya wanafunzi na mitihani wakati wa kusahihisha. Posho huingia pamoja na mshahara, na mwalimu humchagua na kumwajiri msomaji wake mwenyewe. Uhuru huo wa kuchagua ni jambo kubwa, maana si kila mwenye macho anafaa kuwa macho na mtunza siri wa mwenzake. Hata hivyo posho inayoingia katika akaunti moja na mshahara hukutana huko na karo, kodi ya nyumba na wagonjwa wa ukoo, na msomaji akabaki kibarua asiye na mkataba, analipwa kinachobaki. Fedha za kusoma zinafaa ziwe mikononi mwa mfanyakazi kwa uamuzi, lakini zitenganishwe na mshahara wake kwa hesabu.

Kwa waajiri binafsi, sheria ya Kenya ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilitumia chambo cha kodi: mwajiri aliyerekebisha majengo au kutoa huduma maalumu kwa ajili ya mfanyakazi mwenye ulemavu aliweza kuomba punguzo la ziada la asilimia 50 ya gharama hizo katika mapato yake yanayotozwa kodi. Sheria hiyo imepokewa na nyingine ya mwaka 2025, iliyowasilishwa katika Seneti na Crystal Asige, seneta ambaye mwenyewe haoni. Kanuni ya punguzo la kodi ni ya busara mahali penye makampuni yanayopata faida. Thongpiny, hata hivyo, imejaa mashirika yasiyotengeneza faida, ambayo hayana kodi ya mapato ya kupunguziwa, na ahadi ya kumpunguzia kodi asiyelipa kodi ni sawa na kumpa mwenye kiu maji ya kuchorwa. Hapa ndipo kuiga sheria ya jirani neno kwa neno kungekuwa kosa.

Sheria za Sudan Kusini zenyewe hazina ubaya katika maneno. Ibara ya 30 ya Katiba ya Mpito inazitaka ngazi zote za serikali kuwahakikishia watu wenye mahitaji maalumu ushiriki katika jamii, ikitaja elimu na ajira waziwazi, na Sheria ya Kazi ya mwaka 2017 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya ulemavu. Nchi iliunda pia tume inayohusika na waliolemazwa na vita, wajane na yatima, jambo linaloonyesha kwamba wazo la taifa kumlipa fidia aliyetoa macho yake kwa ajili yake si geni. Kinachokosekana ni kifungu cha fedha. Lakini hata kifungu kingekuwepo, hali ya hazina ingekitikisa: watumishi wa umma wamepitia vipindi vya miezi mingi bila mshahara, kama ilivyotokea mwaka 2024 baada ya bomba la mafuta linalopita Sudan kupasuka mwezi Februari, na posho inayosafiri ndani ya mshahara hulala pale mshahara unapolala. Msomaji asipolipwa miezi mitatu hutafuta riziki kwingine, na mfanyakazi asiyeona hubaki mezani bila mshahara na bila macho.

Kwa hiyo mwanzo wa kweli, kwa sasa, uko kwa mashirika ya Thongpiny. Umoja wa Mataifa ulizindua mwaka 2019 mkakati wake wa kuwajumuisha watu wenye ulemavu, na kati ya vigezo ambavyo kila shirika lake hupimwa navyo, cha 7 kinahusu marekebisho stahiki kwa wafanyakazi, kwa hiyo ofisi zake za Juba zina wajibu ulioandikwa. Mashirika mengine ya misaada huandika neno ujumuishi katika kila andiko la kuomba fedha, yakiwahesabu wenye ulemavu miongoni mwa watakaosaidiwa, lakini ni mara chache kuwafikiria miongoni mwa watakaoajiriwa, na bajeti hufuata fikra hiyo: kutakuwa na fedha za viti vya magurudumu vya kugawa kijijini, ilhali hakuna fungu la kumsomea afisa wa fedha makao makuu. Kuna ugumu wa kweli pia. Fedha za mradi huisha na mradi, na mwaka 2025, Marekani ilipolivunja shirika lake la misaada, USAID, programu nyingi zilikatwa ghafla. Msomaji aliyewekwa chini ya mradi mmoja huondoka siku mradi unapofungwa, hata kama mfanyakazi aliyekuwa akimsomea amehamishiwa mradi mwingine katika jengo lilelile.

Ukubwa wa gharama hiyo nao unafaa upimwe kwa kalamu. Mfanyakazi mwenye programu ya kusoma skrini, katika ofisi iliyojizoesha kutuma maandishi halisi badala ya picha, huenda asihitaji msomaji wa siku nzima. Tukichukua kwa mfano kwamba anahitaji saa tatu kwa siku, kwa siku 22 za kazi, hesabu inafika saa 66 kwa mwezi, ambazo ni pungufu ya nusu ya mwezi wa mfanyakazi mmoja wa kawaida. Ofisi tatu zilizo katika mtaa mmoja zinaweza kuchangia wasomaji wawili wa kudumu, wakagawana saa kulingana na haja, kama zinavyochangia wakati mwingine gari au chumba cha mkutano. Zikichangia kutoka katika fungu la gharama za uendeshaji, lile linalolipia ulinzi, intaneti na dizeli bila kujali mradi gani upo, mfuko huo utaishi baada ya mradi wowote mmoja kufa. Mwenye kutia sahihi kwenye karatasi ya saa anapaswa kuwa mfanyakazi asiyeona mwenyewe, ili msomaji ajue anamtumikia nani. Mwenye kulipa anapaswa kuwa mfuko, ili mshahara ukichelewa msomaji asichelewe nao. Vyama vya watu wasioona vya Sudan Kusini, vinavyowajua wanachama wao na uwezo wao, vina haki ya kuketi katika meza inayousimamia, na Chuo Kikuu cha Juba, kilichofunguliwa miaka ya 1970, kina wanafunzi wenye Kiingereza na Kiarabu ambao kazi ya saa chache kwa siku ingewafaa kwa karo.

Yapo pia mambo yasiyohitaji fedha. Waraka unaogongwa muhuri unaweza kutumwa pamoja na nakala yake ya maandishi iliyotoka kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa, kazi ya nusu dakika kwa karani. Nchi inaweza kujiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa breli, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kwanza kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki, kama Kenya ilivyofanya mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Hatua hizo hupunguza saa za msomaji, lakini haziziondoi, kwa sababu siku zote kutakuwa na risiti ya sokoni iliyoandikwa kwa mkono, ramani iliyochorwa ukutani, na barua ya mzee wa kijiji iliyokunjwa mara nne.

Wakurugenzi na maafisa rasilimali watu wa ofisi za Thongpiny hawahitaji kusubiri sheria mpya wala mfadhili mpya ili waanze. Katika bajeti ijayo ya uendeshaji, chini ya mstari wa dizeli, waandike mstari wa msomaji na kuuwekea kiasi, na katika tangazo lijalo la kazi, litakalotumwa likiwa maandishi na si picha tu, wataje kwamba mwombaji asiyeona akishinda nafasi hiyo msomaji wake atalipwa na ofisi.